Menyu Moja Jamani, Acheni Kopi-Pesti!

Ndugu zangu wa Dzaleka, na nyie mnaokuja kazini asubuhi kutoka Lilongwe, leo nina ugomvi na kitu kidogo: ile menyu ya juu kwenye tovuti zetu. Nyumbani, Huduma, Masomo, Mawasiliano. Mtu anatengeneza ukurasa wa kwanza, anaandika menyu. Wa pili, anakopi. Wa kumi na nne, bado anakopi tu.

Haya, piga hesabu. Kurasa 14 kwa Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza ni nakala 42 za menyu ile ile. Ofisi ikihama, kiungo kimoja kinabadilishwa mara 42. Nani atamaliza? Ataanza na za Kiingereza, maana ndizo bosi anafungua, na kazi inaishia hapo. Menyu ya Kiswahili inaendelea kumpeleka mama kwenye ukurasa wa zamani wenye anwani ya zamani. Na mkimbizi hatoki kambini kama mtu anayekwenda sokoni: kuna kibali, kuna nauli, kuna zaidi ya kilomita 40 hadi mjini. Tangu serikali ilipoamuru watu warudi kambini mwaka 2023, kufika Lilongwe na kukuta mlango si wenyewe siyo jambo la kucheka.

Halafu tunaambiwa eti ni "tatizo la kiufundi". Hapana bwana! Aliyekopi mara 42 ameshachagua lugha gani itasahaulika.

Dawa yenyewe ni ya zamani sana. Menyu unaiweka kwenye faili lake peke yake, kila ukurasa unaiita kwa mstari mmoja. Ukiwa na seva ya PHP, ni include, basi. Kama huna hela ya seva, GitHub Pages ni bure: haiendeshi PHP, lakini inatumia Jekyll, unaweka menyu.html ndani ya folda ya _includes na yenyewe inaunganisha kurasa kabla hazijafika kwa msomaji. Hata kwa simu unaweza kuhariri. Majina ya viungo yaweke kwenye orodha moja, kila lugha pembeni ya mwenzake, ili neno la Kiswahili likikosekana pengo lionekane.

Kuna wanaoleta menyu kwa JavaScript, ukurasa ukishafunguka. Mimi siipendi hiyo. Mtandao ukikatika katikati, menyu haipo. Na ukifungua kurasa hizo moja kwa moja kutoka kwenye flashi, Chrome inakataa kusoma faili la menyu. Wengine wanabeba React nzima kwa kurasa tano... bando la nani hilo?

Najua walimu watasema wanafunzi bado wapya, waacheni wakopi kwanza. Sawa, kwa ukurasa wa kwanza na wa pili. Wa tatu, wafundishwe. Kijana aliyeweza kuandika jedwali la HTML hashindwi mstari mmoja wa include.

Na nyie mnaosaini malipo ya tovuti: kabla ya kusaini, mwambie fundi abadilishe kiungo kimoja cha menyu mbele yenu, kisha fungueni ukurasa wa Kiswahili kwa simu. Akifungua faili la pili kukirekebisha, msilipe bado.