Utani wa Mpira Usigeuke Msiba

Mavuno yanapokwisha na magunia yakaingia ghalani, vijana wa vijijini hugeukia mpira. Kijiji hucheza na kijiji, kitongoji na kitongoji, na mshindi huondoka na mbuzi au kikombe kilichotolewa na diwani. Ndivyo ilivyo katika sehemu nyingi za nchi yetu, na ndivyo ilivyo kwa ndugu zetu wa Hanang na Mbulu, tangu Katesh mjini hadi Gitting, kata iliyo kwenye miteremko ya Mlima Hanang. Shindano linaweza kuwa dogo, lakini wanaokuja kulitazama ni wengi, na miongoni mwao wamo watoto wetu. Kwa hiyo leo tunalileta katika ukurasa wa familia suala la namna mashabiki wa timu hasimu wanavyokaa, wanavyoingia na wanavyotoka, ili mzazi aliyemruhusu mwanawe kwenda uwanjani ampokee jioni akiwa mzima.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya Dar es Salaam, kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa unaochukua watu 60,000, na kwamba uwanja wa shule usio na ukuta wala jukwaa hauna hatari yoyote. Kauli hiyo ina ukweli nusu. Uwanja usio na ukuta una njia nyingi za kukimbilia, na hiyo ni neema. Lakini uwanja huohuo hauna kinachomzuia mtu mzima mwenye hasira asiingie kati, wala kinachomkinga mtoto aliyeketi kwenye mstari wa chokaa pale watu mia mbili waliosimama nyuma yake wanaposogea mbele kwa pamoja.

Tuanze na jambo ambalo sisi Watanzania tumejaliwa. Yanga iliasisiwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, na tangu hapo timu hizi mbili za Kariakoo zimeitwa watani wa jadi. Neno hilo lina uzito wake. Utani katika mila zetu una mipaka: mtani hukucheka, hukunyang'anya kofia, hukutania mbele za watu, lakini hakudhuru. Na siku ya msiba ni yeye anayekuja kuchimba kaburi na kuwahudumia waliofiwa. Ndiyo maana katika nyumba nyingi baba ni Yanga, mama ni Simba, na chungu ni kimoja. Majirani zetu wa Kenya nao wameiita mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards mechi ya mashemeji, kwa sababu Wajaluo na Waluhya wameoleana. Mahali ambapo utani wa namna hiyo u hai, kazi ya kuwatenganisha mashabiki huwa nyepesi. Mahali ulipokufa, mechi hugeuka kisingizio cha kulipizana kisasi cha shamba, cha ng'ombe au cha kabila, na hapo kamba na askari huhitajika kweli.

Kutenganisha peke yake hakutoshi

Hatusemi kutenganisha si lazima. Februari 1, 2012, katika mji wa Port Said nchini Misri, mashabiki wa Al Masry waliingia uwanjani baada ya kipyenga cha mwisho na kuwavamia mashabiki wa Al Ahly. Watu 74 walikufa, wengi wao wakiwa wamebanwa kwenye njia ya kutokea ambayo lango lake lilikuwa limefungwa. Wangetenganishwa ipasavyo, wasingefikiwa. Lango lingekuwa wazi, wengi wangeokoka hata baada ya kufikiwa.

Sasa tazama mfano wa pili. Oktoba 1, 2022, katika Uwanja wa Kanjuruhan huko Malang, Indonesia, Arema ilicheza na hasimu wake Persebaya. Mashabiki wa Persebaya walikuwa wamezuiwa kabisa kuhudhuria, kwa hiyo hapakuwa na wa kutenganishwa. Arema ilifungwa mabao 3 kwa 2, baadhi ya mashabiki wake wakaingia uwanjani, na polisi wakafyatua mabomu ya machozi hadi majukwaani walimokaa watu waliotulia na watoto wao. Umati ukakimbilia milango ambayo baadhi yake ilikuwa imefungwa na mingine ilikuwa myembamba. Waliokufa ni 135, wakiwamo watoto zaidi ya 30. Adui hakuwapo uwanjani, lakini msiba ulikuja. Kanuni za usalama za FIFA zinakataza gesi ya kutawanya umati kubebwa au kutumiwa uwanjani, na polisi walikuwa wameomba mechi hiyo ichezwe mchana badala ya usiku. Ombi lao halikukubaliwa.

Accra nayo ilikuwa imekwisha kutoa somo hilohilo. Mei 9, 2001, Hearts of Oak ikiongoza mabao 2 kwa 1 dhidi ya Asante Kotoko, baadhi ya mashabiki waling'oa viti na kuvirusha. Mabomu ya machozi yakafyatuliwa, watu wakakimbilia mageti yaliyokuwa yamefungwa, na zaidi ya 120 wakapoteza maisha. Leo nje ya uwanja huo ipo sanamu ya shabiki aliyembeba mwenzake. Ukiyaweka matukio haya matatu pamoja utaona kwamba ugomvi wa mashabiki ulikuwa cheche tu. Kilichoua watu wengi ni njia za kutokea.

Neno letu "mkanyagano" nalo hutupotosha. Linatufanya tudhani kwamba watu hufa kwa sababu wenzao waliwakanyaga bila huruma. Ukweli ni kwamba wengi hufa wamesimama wima. Watu wakibanana hadi kufikia sita au saba katika eneo la hatua moja kwa moja, mtu hawezi tena kuamua aende wapi; umati husogea kama maji, na kifua kikibanwa hakiwezi kupanuka ili kivute pumzi. Aliye nyuma anasukuma kidogo tu bila kujua kwamba aliye mbele anakata roho, kwa kuwa hamuoni na sauti haimfikii. Kwa hiyo kuulaumu umati baada ya msiba hakusaidii kitu. Anayepaswa kuulizwa ni yule aliyepanga mlango mmoja kwa watu elfu kadhaa.

Hata kwetu yametokea

Oktoba 23, 2010, katika Uwanja wa Nyayo jijini Nairobi, watu 7 walikufa wakati mashabiki waliposongamana kuingia kutazama mechi hiyohiyo ya mashemeji. Machi 21, 2021, katika Uwanja wa Uhuru jijini Dar es Salaam, watu 45 walikufa walipokwenda kumuaga Rais John Magufuli. Hapo hapakuwa na timu, hapakuwa na ushabiki, palikuwa na majonzi na msongamano. Mei 28, 2023, Yanga ilipocheza na USM Alger ya Algeria fainali ya Kombe la Shirikisho, mtu mmoja alikufa na wengine wapatao 30 wakajeruhiwa katika msongamano wa kuingia Uwanja wa Mkapa. Na wazazi wa Tabora hawajasahau sikukuu ya Idd el-Fitri ya Oktoba 2008, watoto wapatao 20 walipokufa kwa kukosa hewa na kubanwa katika ukumbi wa disko. Watoto hao walitoka majumbani mwao wakiwa wamevaa nguo mpya za sikukuu.

Sisi Waislamu tuna mfano mwingine ambao familia nyingi zinaujua kupitia mahujaji wao. Mwaka 1990, katika njia ya chini kwa chini ya Mina, walikufa watu 1,426. Baada ya vifo vya mwaka 2006 penye daraja la Jamarat, daraja lile lilibomolewa na kujengwa jipya lenye ghorofa kadhaa, likiwa na njia za kuingilia zilizotengwa na za kutokea, na makundi ya mahujaji yakapangiwa saa zake. Hata hivyo, Septemba 2015 mikondo miwili ya mahujaji ilikutana kwenye makutano ya barabara mbili za Mina, na mamia wakafa. Hakuna uhasimu wowote kati ya mahujaji. Wote wanaitikia mwito mmoja. Kilichokosekana ni mkondo mmoja kuachiwa njia yake. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipokuwa akitoka Arafa aliwataka watu wawe na utulivu, akawafahamisha kwamba wema haupatikani kwa kukimbizana. Mafunzo hayo yanafaa hata kwenye njia ya kutoka uwanja wa mpira.

Uwanja wa kijiji upangwe vipi

Turudi Gitting na vijiji vyenye hali kama yake. Kamati ya mashindano haihitaji fedha nyingi. Inahitaji watu wachache wenye busara na kamba ya katani. Tunapendekeza yafuatayo.

Kwanza, kila timu ipewe upande wake wa uwanja, mmoja mashariki na mwingine magharibi, na tangazo litolewe mapema misikitini, makanisani na gulioni. Nyuma ya magoli pasikae mtu, kwa maana hapo ndipo matusi kwa kipa yanapoanzia na ndipo watu wanapomiminikia bao linapofungwa. Anayetaka kukaa na rafiki yake wa timu nyingine asizuiwe; utani ulio hai usiuawe kwa kamba.

Pili, vigingi na kamba viwe hatua tatu au nne kutoka kwenye mstari wa chokaa. Watoto waketi mbele, lakini ndani ya eneo lao lenye mtu mzima wa kuwaangalia, na watu wazima wasisimame moja kwa moja nyuma yao.

Tatu, wasimamizi watoke pande zote mbili. Mzee wa kijiji hiki asimame na mashabiki wa kijiji chake, na mzee wa kile vivyo hivyo. Kijana humsikiliza baba yake mdogo kabla hajamsikiliza mgambo asiyemjua. Mtendaji wa kijiji na polisi kata wajulishwe siku kadhaa kabla, si baada ya mawe kuanza kurushwa. Wasimamizi hao wamlinde mwamuzi pia. Ugomvi mwingi wa mpira wa vijijini huanzia kwenye penalti iliyotolewa au kunyimwa.

Nne, na hili ndilo kubwa, kutoka kupangwe kabla ya kuingia. Kama vijiji viwili vinatumia barabara moja kurudi nyumbani, mikondo miwili itakutana, na mmoja utakuwa wa washindi wanaoimba. Wageni waondoke kwanza. Wenyeji wabaki robo saa wakisubiri zawadi zikabidhiwe. Bodaboda na malori yaegeshwe mbali na njia ya watembea kwa miguu. Ikiwa uwanja una uzio, mageti yote yawe wazi dakika kumi kabla ya kipyenga cha mwisho, na aliyeshika ufunguo asiondoke kwenye nafasi yake.

Tano, saa. Mechi ikianza saa 9 alasiri, mapumziko yatakuwa karibu na wakati wa Sala ya Alasiri, na hata zikipigwa penalti watu watafika nyumbani kabla ya giza. Mechi inayoanza saa 11 kwa sababu mgeni rasmi amechelewa inawatoa watoto gizani, katika baridi ya mlimani, kati ya makundi mawili yenye hasira. Mgeni rasmi atukuzwe, lakini asisubiriwe kwa gharama hiyo.

Neno kwa wazazi

Mtoto hajifunzii chuki uwanjani; huifikisha tu huko akiwa ameibeba kutoka sebuleni. Baba anayemwita jirani kwa jina baya la kabila lake kila timu yake ifungwapo, amekwisha kumkabidhi mwanawe jiwe. Kejeli za kudharauliana tumekatazwa, na kumtetea wa kwetu hata akiwa dhalimu tumekatazwa. Basi mfundishe mwanao kutania bila kutukana, na kumtetea kijana wa timu ya pili akionewa.

Mfundishe na haya pia: akifika uwanjani atazame njia mbili za kutokea, asikae na umati unaosukuma, akihisi kifua kinabanwa aweke mikono mbele ya kifua, asipingane na msukumo, na asogee pembeni kidogo kidogo kila msukumo unapolegea, kitu kikianguka asiiname kukiokota. Wadogo wasiende bila kaka au mjomba, na iwepo sehemu moja iliyokubaliwa ya kukutana endapo watapoteana.

Desemba 3, 2023, matope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuua watu zaidi ya 80 katika Katesh na maeneo ya jirani. Siku hiyo hakuna aliyefukua tope akiuliza aliyefukiwa anashabikia timu gani. Watu wa miteremko ile wanazikana, wananunuliana nafaka, wanateka maji chemchemi moja. Mechi ni dakika tisini, na ujirani ni wa umri wote. Kamati zitakazokaa msimu huu kupanga ratiba zianze na swali la watu watatokea wapi, ndipo zifike kwenye swali la mbuzi wa mshindi.

Tukutane wiki ijayo, inshallah.