Tusimlaumu ndege kwa usugu wa dawa

Kuanzia mwezi wa Septemba kila mwaka, mbayuwayu na korongo weupe huanza kuingia Afrika Mashariki wakikimbia baridi ya Ulaya na Asia. Ukilima shamba lako la mahindi hapa Bumula kabla ya mvua za masika, huenda ukawaona wakiokota wadudu nyuma ya jembe.

Siku hizi ndege wanaohama wanalaumiwa kwamba wanasambaza bakteria sugu, yaani wale wasiouawa tena na dawa tulizozoea. Lawama hiyo ina ukweli, lakini ni nusu tu. Nusu nyingine imo katika maboma yetu.

Mwaka wa 2008 wanasayansi kutoka Sweden walieleza kuwa walipata bakteria sugu katika ndege wa nchi za barafu huko kaskazini, mbali na miji na hospitali. Jiulize: ndege haendi dukani kununua tembe, sasa usugu huo ameutoa wapi? Ameuokota kwenye majaa, mbolea mbichi na maji yenye kinyesi cha watu na mifugo. Bakteria hao hukaa tumboni mwake bila kumdhuru, naye huruka nao.

Hapa Kenya, utafiti uliofanywa katika nyumba 99 jijini Nairobi na kuchapishwa mwaka wa 2019 uliwapima ndege na panya wa mjini. Ilionekana kuwa usugu ulikuwa mwingi zaidi pale ambapo kinyesi cha watu na mbolea ya mifugo havikutunzwa vizuri. Watafiti walisema wanyama hao wanapokea usugu kutoka kwetu kuliko wanavyotupa.

Bumula si Nairobi, lakini kuku, mbolea na maduka ya dawa tunavyo. Kuku wakianza kufa, wengi wetu hukimbilia kutia tetrasaiklini katika maji yao. Mara nyingi kinachowaua ni kideri, ugonjwa wa virusi. Dawa za bakteria haziui virusi. Kuku watakufa, pesa zitapotea, na bakteria waliomo matumboni mwao watakuwa wamefundishwa kuistahimili dawa. Kinga ya kideri ni chanjo.

Nasi wenyewe ni hivyo hivyo. Mtu ana mafua, ambayo pia ni virusi, ananunua tembe nne za rangi mbili, anameza mbili na kumwekea jirani zilizobaki. Alexander Fleming, mvumbuzi wa penisilini, alionya tangu mwaka wa 1945 kwamba kipimo pungufu huzaa usugu. Hatukumsikiliza. Mwaka wa 2019 pekee, bakteria sugu waliua watu wapatao milioni 1.27 duniani. Mtoto wako akipata nimonia na dawa ya kwanza isifanye kazi, utatafuta ya pili iliyo ghali zaidi, kama ipo.

Basi tufanye nini? Wachanje kuku wako. Mwite daktari wa mifugo kabla ya kununua dawa, na usiuze wala kunywa maziwa ya ng'ombe aliyetibiwa kabla ya siku alizokuambia kwisha. Rundika samadi ioze vizuri kabla ya kuitia kwenye sukuma wiki. Tumia choo na ukifunike. Chemsha maji ya mto. Funika chakula na maji ya kuku ndege wa porini wasiyafikie. Nawe ukiugua, usinunue dawa ya bakteria bila cheti cha daktari, na umeze kama alivyoagiza.

Serikali nayo isituachie mzigo wote. Mkulima aliye mbali na ofisi ya mifugo ataendelea kutibiwa na mwenye duka, hata tukiandika makala mia. Maafisa wa mifugo na wafike mashinani.

Kumfukuza korongo hakutatusaidia. Yeye atarudi mwakani, na atakachookota ni kile tulichomwachia.