NEMC hawatakulindia mto wako

Ndugu mkulima na mfanyabiashara wa kijijini, leo tuambiane ukweli.

Kwenye bustani za nyanya na vitunguu kando ya mto nasikia kauli mbili. Ya kwanza: "NEMC wanatuonea." Ya pili: "Kutunza mto ni kazi ya NEMC." Zote mbili nazipinga.

Tuanze na kuonewa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu hifadhi, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Najua ndipo penye unyevu. Lakini ukilima hadi ukingoni, mvua ya kwanza inasomba udongo, mbolea na dawa ya wadudu hadi mtoni. Mto unajaa mchanga, kina kinapungua, na kiangazi pampu yako inavuta tope. Hapo aliyekuonea ni nani?

Pili, kazi ya nani? NEMC wana ofisi za kanda, na kanda moja hubeba mikoa kadhaa. Kazi yao kubwa ni kusimamia sheria na kukagua viwanda, migodi na miradi mikubwa. Hawawezi kulala kwenye kila mto. Ndiyo maana sheria hiyohiyo inataka kijiji kiwe na kamati ya mazingira. Ya kwenu ilikaa lini mara ya mwisho?

Nawe mwenye duka, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019. Usisubiri mkaguzi ndipo uifiche chini ya meza. Inayotupwa sokoni huishia mtoni au tumboni mwa ng'ombe.

Je, NEMC wasidaiwe? Wadaiwe! Kiwanda au mgodi ukimwaga maji machafu huko juu, kijiji kipeleke malalamiko kwa maandishi, na kidai majibu. Lakini utamshtaki vipi mwenye kiwanda wakati mahindi yako yameota mdomoni mwa mto?

Fanya hivi wiki hii: chukua kamba, pima mita 60 kutoka ukingoni, weka alama. Ndani ya alama acha matete na miti ya asili iote. Kisha ombeni suala la mto liwe ajenda ya mkutano mkuu wa kijiji, na mtunge sheria ndogo.

Mto ukikauka, NEMC hawatakuletea maji kwa ndoo.