Mkulima wa Muth Si Mpiga Ramli

Tangu mwanauchumi John Muth achapishe makala yake katika jarida la Econometrica mwaka 1961, nadharia ya matarajio ya kimantiki, yaani kwamba watu hutabiri kwa kutumia vizuri habari walizo nazo, imesingiziwa mengi.

Dai la kwanza ni kwamba inamfanya mkulima mpiga ramli asiyekosea. Hesabu yake haisemi hivyo. Chukua soko la vitunguu ambako bei ya gunia, kwa maelfu ya shilingi, ni 90 kutoa nusu ya bei waliyoitarajia wakulima walipoandaa mashamba, kujumlisha mshtuko wa mvua au wadudu ambao wastani wake ni sifuri. Wakitarajia 100, watalima eneo kubwa na bei itaangukia kwenye 40. Wakitarajia 40, watalima kidogo na bei itafika 70. Tarajio linalojithibitisha kwa wastani ni moja tu: 60. Mvua ikikatika, bei yaweza kufika 80, na wote watakuwa wamekosea kwa 20. Nadharia inalikubali kosa hilo. Inachokataa ni kosa lenye mpangilio, ambalo mtu angeliona mapema kwa habari alizokuwa nazo.

Dai la pili huulizwa kwa kejeli: mkulima gani hukokotoa milinganyo? Hakuna, wala Muth hakumtaka afanye hivyo. Alisema matarajio ya watu hutofautiana, ila hutawanyika kuzunguka utabiri wa nadharia.

La tatu ndilo lililoleta madhara: eti nadharia hii imethibitisha kwamba benki kuu haina nguvu. Mwaka 1975 wanauchumi Thomas Sargent na Neil Wallace walionyesha kwamba sera ya fedha inayotabirika haibadilishi uzalishaji. Lakini katika hesabu yao bei zilijirekebisha papo hapo, na sharti hilo halikutoka kwa Muth. Mwaka 1977 mwenzao Stanley Fischer aliyaacha matarajio ya kimantiki mahali pake, akaingiza mikataba ya mishahara inayovuka kipindi kimoja. Sera ikapata nguvu tena. Anayeitupa nadharia kwa sababu ya benki kuu amemwadhibu asiyehusika.

Badala ya madai hayo, wapinzani wangepaswa kuuliza watu wanaifikiaje hiyo 60. Katika soko letu, wakulima wakifuata tu bei ya msimu uliopita, bila mishtuko, bei itakwenda 100, 40, 70, 55, ikiikaribia 60. Badala ya nusu weka moja na nusu: mlinganyo bado una jibu, lakini wakulima hao hao watazidi kulikimbia kila msimu.