Makabati ya betri yafungwe sakafuni

Kwa Kamishna,
Idara ya Usimamizi wa Maafa,
Lilongwe.

Mheshimiwa,

Mimi ni fundi wa sola, mkazi wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tunachoelewana wengi tunaofunga betri na inveta hapa kambini, nami nataka mafundi wenzangu waisome barua hii pamoja nawe.

Jumapili tarehe 3 Februari 2008 nilikuwa Bukavu, Kongo. Ardhi ilitikisika asubuhi, watu wengi wakiwa kanisani. Nilipokimbilia dukani kwa mjomba nilikuta ukuta umesimama, una ufa tu. Kabati la betri ndilo lililolala kifudifudi: mlango umefunguka, tindikali imetapakaa hadi chini ya kaunta, nyaya zimenyofoka. Tulikaa gizani muda mrefu kwa ajili ya boliti nne ambazo hakuna aliyezifunga.

Nilipofika Malawi wapo walioniambia kwamba huku matetemeko hayapo. Wazee wa Salima wanayajua. Tarehe 10 Machi 1989 watu 9 walikufa kule na maelfu kwa maelfu wakabaki bila makazi. Na Salima ni mwendo wa kama kilomita 100 tu kutoka Lilongwe. Karonga nayo, Desemba 2009, ilitikiswa tena na tena kwa majuma, hata nyumba zilizohimili mara ya kwanza zikaanguka baadaye. Bonde la Ufa lililotutikisa Bukavu ndilo limelilaza Ziwa Malawi.

Sasa nikueleze nilichokiona karibuni katika jengo moja ambalo sitalitaja. Kabati refu, jembamba, limesimama juu ya magurudumu manne. Ndani mna betri nane za asidi, kila moja ina kilo 60 hivi, na tano kati yake zimewekwa rafu ya juu. Nililiegemea kwa bega likayumba. Aliyeliweka aliniambia, "Zito hivi, litakwenda wapi?" Lakini uzito ndio hatari yenyewe. Tetemeko husukuma kitu kwa kadiri ya uzito wake, tena kwa ubavu, na skrubu nyingi zilichaguliwa kubeba mzigo unaoning'inia, basi.

Dawa yake haina gharama kubwa. Betri zikae chini, kila rafu iwe na ukingo na mkanda wa kuzishika. Fremu iwe na vyuma vya mshazari ili isipinde. Mlango uwe na komeo la kweli, maana sumaku huachia. Nyaya ziachiwe ulegevu kidogo zisikatike kabati linapocheza. Na miguu ifungwe kwenye sakafu ya zege kwa boliti zinazojitanua ndani. Tusilifunge kwenye ukuta wa tofali mbichi, kama tunavyozoea hapa Dzaleka, kwani ukuta huo ndio utakaotangulia kuanguka.

Mwongozo wa serikali wa kujenga nyumba salama upo, nami naushukuru. Ninachoomba ni hiki: zahanati, shule au ofisi yoyote isipokelewe kutoka kwa mkandarasi kabla mkaguzi hajazishika boliti za kabati kwa mkono wake. Anzeni na makabati ya redio na mawasiliano ya idara yenu, maana siku ya tetemeko redio hizo ndizo zitakazotuitia msaada.

Ukimtuma mkaguzi Dzaleka, nitampokea getini nikiwa na spana namba 17.

Wako,
Fundi wa sola, Dzaleka