Kabla hujachorwa tatuu, uliza sindano imetoka wapi

Siku hizi ni vigumu kutembea katika mitaa ya Kitale au Bungoma bila kukutana na kijana aliyechorwa tatuu. Mmoja ana jina la mamake mkononi, mwingine ana ua shingoni, wa tatu ana msalaba kifuani. Wazee huguna na kusema kwamba vijana wameiga Wazungu. Kwa maoni yangu, wazee hao wamesahau historia yao wenyewe.

Kuchora mwili si jambo geni kwetu. Miongoni mwa Waluhya, wanawake wa zamani walichanjwa chale usoni na tumboni, na huo ulikuwa urembo. Mwanamume wa Kiturkana aliyemuua adui alichanjwa chale begani na kifuani ili watu wajue ushujaa wake. Wamakonde wa Tanzania na Msumbiji walichora nyuso zao. Hata huko Ulaya, maiti ya mtu aliyeishi zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, ambayo iligunduliwa mwaka 1991 katika barafu ya milima ya Alps, ilikutwa na michoro 61 mwilini.

Kwa hivyo, msomaji, mimi si adui wa tatuu. Ninachopinga ni sindano chafu, wino usiojulikana ulikotoka, na zile mbinu za kienyeji ambazo watu hutumia kuifuta alama wanapojuta.

Hebu tuelewane kwanza tatuu ni nini. Mashine husukuma sindano ndani ya ngozi mara nyingi sana kwa kila sekunde na kuacha wino chini ya ngozi ya juu, kina cha milimita moja au mbili hivi. Chembe za ulinzi wa mwili huumeza wino huo kana kwamba ni adui. Mwaka 2018 watafiti nchini Ufaransa walionyesha, kwa majaribio ya panya, kwamba chembe hizo zinapokufa huachia wino, na chembe nyingine mpya huumeza tena papo hapo. Ndiyo sababu mchoro haufutiki. Lakini elewa jambo moja zaidi: mahali ambapo wino unafika, damu pia ipo. Sindano iliyomchora mwenzako ina damu yake hata kama huioni kwa macho.

Watu wengi wakisikia habari za damu hufikiria ukimwi pekee. Hawakosei, lakini kuna ugonjwa mwingine unaoambukiza kwa urahisi zaidi. Virusi vya homa ya ini aina ya B huambukiza mara 50 hadi 100 kuliko virusi vya ukimwi. Vinaweza kuishi nje ya mwili, kwenye damu iliyokauka juu ya meza au mashine, kwa siku 7 au zaidi. Vinapokaa mwilini miaka mingi vinaweza kuleta saratani ya ini. Homa ya ini aina ya C nayo hupitia njia hiyo hiyo, na pepopunda hupenda kidonda kichafu.

Mchoraji akikuambia kwamba ameifuta sindano kwa spiriti, au ameipitisha juu ya moto wa kiberiti, usikubali. Hilo halitoshi. Sindano haikopeshwi wala haioshwi; hutumika kwa mteja mmoja na kutupwa katika chombo kigumu.

Wakazi wa Bungoma wanalielewa somo hili kuliko watu wengi. Kila Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, vijana wa Kibukusu hutahiriwa. Zamani kisu kimoja kiliweza kupita kwa vijana kadhaa siku moja. Ukimwi ulipoingia, watu walifunzwa, na familia nyingi zikaanza kudai kila kijana awe na kisu chake. Mila haikufa, kilichobadilika ni kisu. Sasa nauliza: kijana aliyekatazwa kushiriki kisu cha tohara, mbona anashiriki sindano ya tatuu? Na mzazi aliyenunua kisu kipya, mbona anakubali mtoto wake achanjwe chale za dawa kwa wembe uliotumika kwa jirani?

Basi ukiamua kuchorwa, fanya haya. Ngoja uwe umetimiza miaka 18, na usiwe umelewa. Pata chanjo ya homa ya ini aina ya B. Watoto wa Kenya walianza kuipata katika chanjo zao za kawaida mapema miaka ya 2000, kwa hivyo ukiwa umezaliwa kabla ya hapo huenda hukuipata. Mtu mzima huhitaji sindano tatu, ya mwisho ikiwa miezi 6 baada ya ya kwanza. Hakikisha pia umechanjwa dhidi ya pepopunda.

Ukifika kwa mchoraji, mtazame. Je, amenawa mikono na kuvaa glavu mpya? Amefungua pakiti ya sindano mbele yako? Amemimina wino kiasi chako katika kikombe kidogo kipya, au anachovya katika chupa ya kila mtu? Wino wenyewe unaweza kuwa na viini hata kabla haujafika dukani. Mwaka 2011, katika mji wa Rochester huko New York, watu 19 walitokwa na vipele baada ya kuchorwa na mchoraji mmoja kwa wino wa kijivu uliokuwa umechanganywa na maji kiwandani. Wino wa kalamu na masizi ya taa, basi, visitajwe kabisa.

Wako watu ambao ningewashauri waache. Kama uliwahi kupata kovu lililovimba na kukua kupita kidonda chenyewe, labda baada ya kutoga sikio au baada ya kunyolewa kisogoni, tatuu inaweza kukuletea kovu kama hilo. Sisi wenye ngozi nyeusi tunalipata zaidi. Mwenye kisukari, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, na mama mjamzito wazungumze na daktari kwanza.

Baada ya kuchorwa, jua kwamba una kidonda. Nawa mikono kabla ya kukigusa. Kioshe taratibu kwa maji safi na sabuni isiyo kali, ukaushe kwa kitambaa safi bila kusugua, kisha upake mafuta kidogo yasiyo na manukato. Vaa nguo isiyobana. Usibandue magamba, usiogelee mtoni, na ukikinge na jua kali mpaka kipone, jambo ambalo huchukua wiki 2 hadi 4. Usipake dawa ya meno, majivu, wala unga wa kapsuli ulizonunua dukani. Wekundu ukienea, pakiwa na joto, usaha au homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na kama umegundua kwamba sindano ilikuwa ya mtu mwingine, usingoje dalili. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi hutolewa ndani ya saa 72 na kumezwa kwa siku 28, na kadiri unavyozianza mapema ndivyo zinavyofaa zaidi.

Sasa nizungumzie majuto, kwa sababu hapo ndipo ninapoona madhara mabaya kuliko yote. Kijana anasikia kwamba usajili wa polisi au jeshi unakaribia, anaogopa kuondolewa mstarini kwa sababu ya mchoro. Mwingine anataka kuoa, na jina lililo mkononi si la mchumba wake. Basi anachukua maji ya betri, au kisu kilichotiwa moto, au jiwe la kusugulia miguu, na kuanza kuifuta alama. Anachopata ni kidonda cha kuungua, usaha, na kovu kubwa kuliko tatuu yenyewe. Alama ya wino ameibadilisha kwa alama ya moto, na hiyo haina wa kuifuta.

Njia salama zipo. Ukitaka kuificha kwa siku moja, kama siku ya harusi, vaa mikono mirefu au tumia vipodozi vya rangi ya ngozi yako, mradi kidonda kimepona. Mchoraji hodari anaweza kuchora ua au ndege juu ya jina, ingawa mchoro wa pili huwa mkubwa na mweusi zaidi. Kufuta kabisa ni kazi ya miale ya leza chini ya daktari wa ngozi. Huhitaji vipindi vingi, wiki kadhaa kati ya kimoja na kingine, na gharama yake si ndogo. Wino mweusi hutoka kwa urahisi kuliko kijani na manjano. Mwambie daktari wazi kwamba unaogopa mabaka, kwa maana leza isiyofaa ngozi nyeusi huacha madoa meupe.

Kwa serikali za kaunti za Trans Nzoia na Bungoma nina ombi. Katiba ya 2010 iliwakabidhi huduma za afya. Maafisa wenu wa afya hukagua hoteli na bucha. Wakague pia vibanda vya tatuu na vya kutoga masikio. Wasiende kuwafunga vijana hao, kwani wanatafuta riziki. Wawafunze kutumia sindano mara moja, wawape mahali pa kutupa zilizotumika, na wawachanje dhidi ya homa ya ini, kwa sababu mchoraji anayejidunga kwa bahati mbaya ana hatari sawa na mteja.

Na wewe msomaji, ukiketi kwenye kiti cha mchoraji, usione haya kuuliza. Fundi mzuri atakufungulia pakiti mbele ya macho yako bila kununa. Akinuna, lipa nauli urudi nyumbani.