Sultani kafa kwa dawa ya ng'ombe!

Leo nina kesi ya kujishitaki mwenyewe, na mahakimu ni ninyi. Marehemu ni paka. Msicheke kwanza. Malizeni kusoma, halafu mcheke kama mtaweza.

Mwaka jana, mwezi wa saba, nilikwenda nyumbani Mahege, kule Kibiti, kumsalimu shangazi yangu. Mtu wa mjini akifika kijijini huwa na maradhi mawili: kiu ya madafu na ugonjwa wa kujua kila kitu. Kiu yangu iliisha siku ile ile. Huo ugonjwa wa pili ndio ulioua.

Shangazi alikuwa na paka dume, madoadoa, kichwa kama ngumi ya bondia. Jina lake Sultani. Huyu hakuwa paka wa kulalia makochi. Nyumba ikiwa na magunia ya mpunga ndani, ujue panya nao wameshapata taarifa, na kazi ya Sultani ilikuwa kuwapokea. Mshahara wake ulikuwa vichwa vya samaki na ukoko wa wali. Usiku alilala juu ya magunia, alfajiri akaja kujisugua miguuni kwa shangazi wakati anatawadha. Shangazi humwambia, "Haya, mlinzi, lete ripoti."

Shambani kulikuwa na mfanyakazi wa pili, mbwa wa mzee, mume wa shangazi. Jina lake Mtanikoma. Huyo uani haingii. Sisi watu wa pwani mnatujua: mate ya mbwa ni najisi, akikulamba unaosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Lakini mbwa wa kulinda shamba hana mgogoro na mtu. Rufiji na Kibiti mkulima hulala juu ya dungu kulinda mpunga usiliwe na nguruwe pori, na Mtanikoma ndiye kengele ya mzee. Tena msidhani ni mchezo. Kati ya mwaka 2002 na 2004 simba waliua watu zaidi ya 30 huko Rufiji, na wataalamu waliochunguza mikasa ya simba nchini walisema nguruwe pori ndio wanaowavuta simba mpaka mashambani. Kwa hiyo mbwa anayebweka mapema si pambo. Ni bima ya maisha, tena isiyo na makaratasi.

Basi bwana, siku hiyo nikamkuta shangazi anajikuna. Sultani naye anajikuna. Nikaenda shambani, Mtanikoma anajikuna mpaka anaanguka. Viroboto! Shangazi akasema atachoma mkeka wa zamani na kuanika magunia juani, yataisha. Mimi nikacheka kile kicheko chetu cha Dar es Salaam. "Shangazi, dunia imebadilika. Kuna dawa." Nikaita bodaboda, huyo Kibiti mjini.

Hapa niwaeleze kidogo kuhusu maduka. Ukiwa Masaki au Oysterbay utapata mahali panapouza biskuti za mbwa, mikanda ya shingoni na sabuni za paka zinazonukia kuliko za kwetu. Kwetu duka la mbwa na paka ni lile lile la mbegu, pampu za kupulizia mikorosho na dawa za mifugo. Na mifugo maana yake ng'ombe. Zamani Rufiji haikuwa nchi ya ng'ombe, ila wafugaji walipoondolewa Ihefu kuanzia mwaka 2006, wengi waliletwa huku kusini, na maduka yakajipanga kwa ajili yao. Sikatai, ndiyo biashara. Mwenye ng'ombe 200 hununua dawa kwa lita. Mwenye paka mmoja anakuja na shilingi elfu tatu mkononi, tena anaona aibu kusema ni ya paka.

Mimi niliona aibu. Niliingia kwenye duka moja (silitaji, maana nitakayemtaja leo ni mimi mwenyewe), nikasema, "Kijana, nipe dawa ya viroboto."

Akaniuliza swali moja tu: "Ya shilingi ngapi?"

Nikasema ya elfu tatu. Akachukua kopo kubwa lenye picha ya ng'ombe, akanimiminia kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi. Lebo ilisema ni dawa ya kikohozi cha watoto. Nikauliza inachanganywaje, akasema, "Kifuniko kimoja kwenye ndoo." Ndoo ya ukubwa gani, sikuuliza. Picha ya ng'ombe niliiona, wapenzi wasomaji. Niliiona kwa macho yangu haya mawili.

Mtanikoma nilimwogesha jioni, akajikung'uta, akaenda zake. Mbwa yule ana roho ya mkwezi wa minazi. Sultani nikamwogesha uani, shangazi ananitazama. Akasema, "Mwanangu, hiyo harufu mbona kali?" Nikamjibu, "Ndiyo kazi yenyewe, shangazi."

Haikupita saa mbili masikio ya Sultani yakaanza kuchezacheza. Kisha miguu. Kisha akatoka udenda, akawa anatetemeka kama mtu mwenye homa ya malaria. Nikampigia simu bwana mifugo mmoja mstaafu ninayemfahamu. Akaniuliza nimempaka nini, nikamsomea lebo ya kikohozi. Akanyamaza. Akasema, "Mwoshe haraka kwa sabuni ya kawaida na maji ya uvuguvugu, mfute akauke, mweke mahali patulivu, halafu umpeleke kwa daktari wa mifugo sasa hivi." Usiku, Mahege, daktari wa mifugo wa paka! Tulimwosha. Shangazi ndiye aliyemshika, mimi namimina maji. Alfajiri wakati wa kutawadha hakukuwa na mtu wa kuleta ripoti.

Baadaye yule mstaafu alinipa darasa, nami nawapa bure. Dawa nyingi za kuogeshea ng'ombe, na hata baadhi ya dawa za viroboto vya mbwa, zina sumu za jamii ya permethrini. Ng'ombe anaivumilia, mbwa anaivumilia ikipimwa sawasawa. Ini la paka haliwezi kuivunja, inabaki mwilini na kupiga mishipa ya fahamu. Panadol nayo ni hivyo hivyo: kidonge kinachokuondolea wewe kichwa kinaweza kumwondoa paka duniani. Kwa hiyo paka si mbwa mdogo, na mbwa si ng'ombe mfupi. Mimi hilo nimelijua kwa elfu tatu yangu na roho ya mwenzangu.

Sasa ndugu zangu wenye maduka, sogeeni. Mara nyingi mnajiuliza sisi wenye paka na mbwa tunataka nini. Mnadhani tunataka bei poa. Tunaitaka, nani haitaki? Mnadhani tunataka mikanda yenye kengele. Wacha wa Masaki wavae kengele.

Tunachotaka kwanza ni kuulizwa. Ni ya mnyama gani? Mkubwa au mtoto? Ana mimba? Anaishi na nani? Maana unaweza kumpaka dawa mbwa, paka akalala ubavuni kwake na kuyapata yale yale. Maswali hayo hayamalizi dakika mbili, na hayahitaji mtaji.

Pili, tupimieni kidogo, ila kwenye kitu chenye jina la dawa na kipimo chake. Sisi si wateja wa lita. Hayo makopo makubwa fungueni kwa wafugaji, sisi tuagizieni vile vichupa na vipakiti vidogo vilivyofungwa kiwandani, hata kama faida yake ni ndogo. Kichupa cha kikohozi kikibaki dirishani, kesho mama mwingine atamnywesha mtoto. Mimi nilikitupa chooni, lakini ni wangapi wanakiweka?

Tatu, tuonyesheni friji. Chanjo ya kichaa cha mbwa inatakiwa ikae kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, na umeme wetu mnaujua tabia yake. Kati ya mwaka 2010 na 2015 mikoa ya kusini mashariki, Pwani ikiwemo, ilikuwa kwenye mpango mkubwa wa kuchanja mbwa. Mbwa wengi wa wakati ule wameshakufa kwa uzee, na wajukuu zao chanjo ya babu haiwalindi. Kila mbwa achanjwe mwenyewe, na arudiwe kila mwaka. Paka naye huugua kichaa, msimsahau. Nawe msomaji ukiumwa na mbwa au paka, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu mbio hospitali, maana dalili zikishaanza hakuna cha kuokoa. Muuzaji akikuuzia chanjo iliyokaa juu ya kaunta kama soda moto, amekuuzia maji na imani.

Nne, na hili ndilo kubwa, mjue kusema "sina".

Nasema hivyo kwa sababu mwezi wa kumi nilirudi. Nikaingia duka jingine, dogo, ndani yuko mama mmoja wa makamo na ushungi wake. Nikasema nataka dawa ya viroboto. Akaanza: ya nani? Nikasema mbwa. Ana ukubwa gani? Nikaonyesha kwa mkono. Nyumbani kuna paka? Kuku je? Mtoto mdogo anayetambaa? Nikaanza kukereka, maana bodaboda ananisubiri na pembeni kuna jamaa anasikiliza habari za ukoo wangu. Akanipa kipakiti cha mbwa, akanisomea maandishi yote, akanikabidhi na glovu.

Nikamuuliza, "Na ya paka, mama?"

Akasema, "Ya paka sina, mwanangu. Niliyo nayo itamuua. Mchane kwa kitana chenye meno ya karibu, utumbukize viroboto kwenye maji ya sabuni. Matandiko yake yachemshe, uyaanike juani. Ya paka nikipata nitakupigia."

Nilisimama pale kama nimepigwa na shoka. Matandiko, jua! Si ndiyo aliyoyasema shangazi siku ya kwanza, mimi nikacheka? Yule mama alikosa elfu tatu yangu siku hiyo. Lakini tangu hapo kila ninayemjua kuanzia Mahege mpaka Kibiti mjini namwelekeza kwake, na wenye ng'ombe wamo. Haya, mwenye akili ya biashara apige hesabu.

Na sisi wanunuzi tusijifanye malaika. Muuzaji asipouliza, sema mwenyewe: "Ni ya paka." Sema kwa sauti. Atakayecheka na acheke, panya wakimaliza mpunga wake atakuja kukuazima paka.

Kuhusu shangazi, hajanitamkia neno baya hata moja, na hilo ndilo linaloniuma. Mwezi huo wa kumi nilikuta ameletewa kitoto kingine cha paka, cheusi, kimelala juu ya magunia, na magunia mawili yana matundu ya panya. Nikamuuliza, "Shangazi, huyu anaitwa nani?"

Akaendelea kupeta mchele wake. "Huyu hana jina," akasema, "mpaka wewe uondoke."

Tukijaliwa, wiki ijayo.